Mafia, Kaskazi Ikiwa Imeshika: Siku za Kusomea Udivimasta

Jumamosi, mwezi saba (siku za mwezi mwandamo)

Kivuko kimetoka Nyamisati asubuhi maji yakiwa juu. Mkono ule wa mto hauna kina cha kubahatisha maji yakipwa. Kwa muda mrefu pande zote mbili ni mikoko tu. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, na mto unaoilisha unaingia baharini na tope lake, maji rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa ubavuni mwa chombo nikingoja yabadilike. Yamekuwa kahawia, kisha kijani iliyofifia, kisha kijani ya kweli, na baadaye kisiwa kikaanza kuonekana.

Mama mmoja aliyekaa jirani yangu na mzigo wake wa ndoo ameniuliza nakwenda Mafia kwa nani. Nikamwambia nakwenda kusomea udivimasta, yaani kuongoza watu wanaozamia na mitungi ya hewa.

"Hiyo si kazi ya Wazungu, mwanangu?"

"Ndiyo maana nakwenda, mama."

Amenitazama kidogo, akasema Mungu anitangulie, akanipa ndizi mbili.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni bajaji na barabara ya lami, unakikata kisiwa kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukifika lango la Hifadhi ya Bahari unasajiliwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ina kilomita za mraba 822, na watu wanaishi ndani yake: Utende, Chole, Juani, Jibondo na vijiji vingine. Jambo hilo ni la kuzingatia tangu mwanzo. Mzamiaji anaposhuka hapa, anashuka kwenye shamba la watu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikisikia mshindo wa baruti za kuvulia samaki ukitoka baharini, na mbizi zangu za kwanza nilizipiga juu ya vifusi vya matumbawe yaliyopasuliwa. Nimekuja Mafia kuona mwamba mzima unavyokuwa, na kujifunza kuwapeleka watu huko na kuwarudisha salama.

Jumapili, mwezi nane, maji mafu (hayajai wala kupwa sana)

Tuko wanafunzi wawili, mimi na kijana wa Chole ambaye baba yake ni mvuvi wa nyavu. Mwalimu wetu ametoka Nungwi na amezamia miaka mingi. Nahodha wa mashua ni mzee wa Jibondo. Tulipomwamkia shikamoo ameitikia marahaba bila kuacha kukunja kamba, kisha akatuuliza leo mwezi ngapi. Mwenzangu akajibu papo hapo. Nimeona kwamba hilo lilikuwa swali la usaili, ingawa halimo kwenye fomu yoyote.

Masharti yaliyoandikwa ni ya PADI, chama cha kimataifa cha wakufunzi wa uzamiaji. Uwe umetimiza miaka 18, uwe na cheti cha uokoaji na cha huduma ya kwanza, uwe umepiga mbizi 40 kabla ya kuanza, na uzifikishe 60 kabla ya kuidhinishwa. Leo tumefanya majaribio ya kuogelea maji yalipojaa, saa nne. Mita 400 bila kifaa chochote. Mita 800 na miwani, mrija na mapezi, uso ndani ya maji muda wote. Kuelea dakika 15, mbili za mwisho mikono ikiwa juu. Halafu kumvuta mtu aliyechoka mita 100, wote mkiwa na vifaa kamili.

Katika yote, hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Mtu mzima aliyelegea majini ni mzito kwa namna ya peke yake. Hapigi miguu, hasaidii, na mtungi wake unamvuta upande. Ukimvuta kwa pupa unaishiwa nguvu katikati. Mwenzangu alinivuta kwa mwendo mrefu wa polepole kama wanaovuta kamba ya jarife, na hakuhema hata kidogo.

Jumatatu

Siku nzima kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa. Wengi huona ni kazi ya kibarua, lakini kwa maoni yangu uongozi wa mbizi unaanzia hapa. Hewa ya mtungi ni hewa hii hii ya kawaida, takriban asilimia 21 oksijeni na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni, imeshindiliwa tu. Mdomo wa kompresa unaovuta hewa lazima uwe upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini yake yenyewe, kwa sababu sumu ya moshi ule haina harufu, na kadiri unavyozama ndivyo inavyomdhuru mtu zaidi. Kaskazi ikigeuka kidogo, unahamisha bomba. Mtungi unajazwa polepole. Ukijazwa haraka unapata moto, na ukishapoa unakuta baa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, zimeshuka. Oringi ya shingoni, kipete cha mpira kisichozidi ukubwa wa pete ya kidole, unaikagua kwa kucha kila asubuhi. Ikichanika ukiwa chomboni, utasikia filimbi na mbizi ya mtu huyo imekwisha kabla haijaanza.

Jumanne, mwezi kumi

Mlango wa Kinasi. Huu ndio mlango mkubwa kati ya Juani na Mafia yenyewe, na maji mengi ya Ghuba ya Chole hupita hapa kuingia na kutoka, kila siku, mara mbili kuja na mara mbili kurudi. Nahodha alituchelewesha ufukweni hadi karibu saa tatu. Mgeni mmoja aliyekwisha kuvaa alikuwa anauliza tunangoja nini. Tulikuwa tunangoja bahari ianze kuingia kwa nguvu ya kutosha. Maji yanayotoka ghubani yanabeba mchanga na takataka za mikoko, na yanakusukuma nje kwenye bahari kuu. Yanayoingia ni safi na yanakusukuma nyumbani. Mbizi ile ile, mahali pale pale, saa sita tofauti, ni mbizi mbili zisizojuana.

Tumeshuka ukutani. Kwenye mita 20 mkondo ulitushika kwa upole na kutupitisha mbele ya mwamba, nasi hatukupiga mapezi ila kujiweka sawa. Kolekole walikuwa wamejipanga wakielekea mkondo unakotoka, hawasogei, midomo wazi kidogo. Chini ya ukingo, chewa mmoja mkubwa kifua chake kama pipa alitutazama akarudi nyuma kidogo, akatutazama tena. Mkunga alikuwa amechomoza kichwa akifungua na kufunga mdomo, na ndivyo anavyopumua, ingawa wageni wengi hudhani anatishia. Ni kazi ya kiongozi kuwaambia hayo kabla ya kushuka, mtu asije akarusha teke la woga likavunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi.

Rangi nyekundu hupotea mapema ukishuka, ikifuatiwa na machungwa na njano. Mwalimu aliwasha tochi kwenye sifongo lililoonekana jeusi, likawa jekundu la kuiva. Akazima, likarudi jeusi.

Alhamisi, mwezi kumi na mbili

Zoezi ambalo wanafunzi wote huliogopa ni kubadilishana vifaa. Wawili mnapiga magoti kwenye mchanga, maji ya kina kifupi, mnapumua kwa zamu kutoka kipumulio kimoja, na huku mnavuliana kila kitu: miwani, mapezi, jaketi na mtungi wake. Mwisho wa zoezi mimi nimevaa vyake na yeye amevaa vyangu.

Lilivyo ndivyo hivi. Unavuta mara mbili, unampa. Zamu yake inapoanza wewe huna hewa, na sheria ya kwanza ya uzamiaji inasema usizuie pumzi kamwe, kwa hiyo unaachia vibubujiko vidogo vidogo midomoni, mfululizo, ukingoja. Miwani imevuliwa, unaona ukungu wa buluu na kivuli cha mtu. Mkono mmoja umeshika kipumulio pamoja na mkono wake, mwingine unapapasa kifungo cha jaketi. Hapo ndipo hofu ya mtu inapojitokeza. Mwenye hofu hukirudisha kipumulio kwa kuchelewa, au hukinyakua.

Mwenzangu hakuchelewa hata mara moja. Kila nilipofikia mwisho wa pumzi kilikuwa mdomoni mwangu. Baada ya dakika chache niliacha kuhesabu, nikaanza kufanya kazi ya mikono kwa utulivu, nikijua hewa itakuja. Tulipotoka nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema yeye na kaka zake walikuwa wakizamia nanga iliyonasa, kwa pumzi za kawaida, kwa zamu, na mwenzako akiwa chini wewe huangalii kitu kingine.

Sijui kozi yoyote inayoweza kumpa mtu hicho ndani ya wiki. Vijana wa visiwa hivi wanacho tayari. Wanachokosa ni ada, Kiingereza cha vitabu, na mtu wa kuwaambia kwamba mlango uko wazi. Chombo chochote kinachopeleka wageni kwenye maji haya kingepaswa kuwa na kijana wa kijiji anayesomea, na nitalisema hilo kwa kila mwenye biashara atakayenisikiliza.

Ijumaa

Mapumziko. Baada ya swala tumevuka kwenda Chole kwa mtumbwi, kumsalimia bibi wa mwenzangu. Wajerumani walikifanya kisiwa hiki makao yao ya utawala kabla ya kuhamia Kilindoni, na magofu yao yamekumbatiwa na mizizi. Popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, mamia, wakijipepea kwa mbawa. Bibi ametupikia wali wa nazi na mchuzi wa changu, akataka kujua kama ni kweli huko chini tunasikia sauti. Nikamwambia tunasikia sana, kwa sababu sauti majini husafiri kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, ila hatujui inatoka upande gani. Akasema basi ni kama kuitwa usiku.

Jumapili, mwezi kumi na tano, bamvua (maji hujaa na kupwa kupita kawaida)

Maji yamepwa leo hata ghuba imekuwa kiwanja. Saa nne asubuhi wanawake walikuwa mbali kabisa kwenye miamba, kanga zimefungwa kiunoni, ndoo mkononi na fimbo ya chuma, wakichokoa pweza. Mwalimu ametutuma tukatembee nao, na kwa sababu hiyo namheshimu zaidi.

Bi mkubwa mmoja alinikubali niandamane naye. Alikuwa haangalii mashimo. Alikuwa anaangalia mlangoni mwa mashimo. Pweza akila kaa na chaza hutupa magamba nje ya nyumba yake, na jiwe dogo analovuta kuziba mlango huwa safi upande mmoja. Nimepita juu ya mwamba kama huu nikiwa na mtungi mgongoni na sikuwahi kufundishwa kusoma magamba. Leo nimefundishwa. Amenieleza pia kwamba pweza hukua upesi mno, na kwamba mwamba ukiachwa miezi michache bila kuguswa, anayetoka ni mwingine kabisa kwa uzito. Vijiji kadhaa vya pwani yetu vimekuwa vikifunga miamba kwa vipindi kwa hesabu hiyo hiyo.

Bahari ilipoanza kurudi nilimwomba akae kidogo. Maji yalipofika kifuani nikampa miwani yangu, nikamfungia mkanda juu ya mtandio. Aliinamisha uso, akauinua mara moja, akapangusa, akauinamisha tena, na mara hii hakuuinua kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa umenishika begani. Alipoibuka alianza kutaja: tasi wale, kikande yule, chewa mtoto ana pango lake pale kushoto. Aliwajua wote, wa sufuriani na wa sokoni, lakini hakuwahi kuwaona wakila, wakifukuzana, wakitoka na kuingia. Kisha akaniuliza kule mbele, ukuta unaposhukia, kuna nini, na nikamwambia yote niliyoyaona Jumanne, chewa mkubwa na kolekole waliojipanga, naye akiuliza maswali ambayo mgeni hajawahi kuniuliza: wana mayai sasa? Wanakaa mwezi gani? Wadogo wako wapi?

Miwani amebaki nayo. Nitapata mingine.

Jumanne, mwezi kumi na saba

Leo upande wa magharibi, Kilindoni, kwa papa potwe. Kisiwa ni kimoja lakini bahari ni mbili. Mashariki maji safi ya bahari kuu, magharibi maji mazito ya rutuba kutoka Rufiji, yenye vidudu na uduvi wengi. Kwa hiyo potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukaribia hapa kati ya Oktoba na Machi, wakati mwingine jirani kabisa na wavuvi wa dagaa. Tumeingia na mrija tu, bila mitungi. Aliyekuja alipita chini yangu, mdomo wazi upana wa mlango, madoadoa meupe mgongoni. Madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za ubavu.

Sheria ni kutomgusa na kutomkatia njia mbele ya kichwa. Nimeona vyombo viwili vikimbana potwe mmoja katikati hadi akazama, na watu wote waliokuwa majini wakabaki wanatazama maji matupu. Nahodha wetu alizima injini mbali, akatushusha pembeni ya njia yake. Potwe alikuja mwenyewe.

Alhamisi, mwezi kumi na tisa

Leo nimeongoza, mwalimu akiwa nyuma yangu kunitazama tu. Wageni wanne. Bahari inaanza kujaa saa saba mchana, saa ambayo Kaskazi imekwisha kuchafua uso wa maji huko mlangoni, kwa hiyo nahodha alipendekeza mwamba wa ndani ya ghuba, nami nikakubali na kuwaeleza wageni sababu. Katika maelezo nimesisitiza ishara ya dole gumba. Huku kwetu dole ni poa, safi. Chini ya maji dole ni "tupande juu". Ishara ya salama ni duara la kidole cha shahada na gumba. Mtu akichanganya, anaweza kukatisha mbizi ya kundi zima.

Mwanamke mmoja alizungumza sana tulipokuwa tunaondoka, kisha tulipokaribia akanyamaza kabisa. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa. Alikagua geji ya hewa ambayo alikwisha kuikagua. Nikahamia upande wake, nikamwambia sisi wawili tutashuka kwa kamba ya nanga, wa mwisho, na mwalimu awatangulie wengine.

Kwenye mita sita macho yake yalikuwa makubwa nyuma ya kioo na vibubujiko vyake vilikuwa vimeungana, pumzi juu ya pumzi. Nilimwonyesha kiganja: simama. Nikashika mkono wake, nikaweka wangu mwingine kifuani kwangu na kuanza kupumua kwa namna ambayo angeiona, nikitoa hewa polepole, ndefu, hadi mwisho. Hatukwenda popote. Samaki walipita. Vibubujiko vyake vilianza kutengana, kundi, kimya, kundi, kimya. Ndipo akanipa duara la vidole kabla sijamwuliza, na tukaendelea.

Hesabu ya hewa ndiyo iliyoniongoza baada ya hapo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400. Ukiweka akiba baa 50, zinabaki lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 60 kwenye mita 20, kwa sababu mgandamizo hapo ni mara tatu, na atakuwa na dakika 30. Akiogopa na kuvuta maradufu, dakika 15. Kwa hiyo sikuwapeleka chini ya mita 12, na niligeuza kundi zima kwa kufuata geji yake yeye. Mbizi hupangwa kwa mwenye hewa ndogo kuliko wote. Mmoja wa wanaume alionyesha kwamba bado ana nyingi. Nilimwitikia na tukarudi. Kwenye mita tano tukasimama dakika tatu, naitrojeni itoke mwilini taratibu, nami nikahesabu vichwa: wanne, na mwalimu.

Chomboni yule mama aliniomba twende tena kesho. Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake, hakusema neno, nahodha akanipa korosho.

Jumatatu, mwezi ishirini na tatu, maji mafu

Ramani yangu ya mwamba imekubaliwa. Nimeichora kwa dira na kwa kuhesabu mateke ya mapezi, vina vyote vikiwa vimesahihishwa kulingana na maji kujaa na kupwa, na nyumba za pweza nimezitia kwa kumsikiliza bi mkubwa. Pembeni nimeweka alama sehemu zenye matumbawe yaliyokufa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Niño na matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa. Juu ya mifupa ile sasa kuna machipukizi, mengine ya ukubwa wa kiganja, mengine yameshakuwa meza pana zenye samaki chini yake. Nimeyapima yale niliyoweza kuyafikia ili atakayechora baada yangu awe na cha kulinganisha.

Yamebaki mazoezi ya kutafuta na kuinua kitu kilichozama, mbizi ya kina, na mtihani wa nadharia. Mwenzangu anasumbuliwa na Kiingereza cha sura ya fiziolojia, kwa hiyo jioni tunaisoma pamoja kwa Kiswahili, yeye akinilipa kwa kunifundisha mikondo ya Juani, ambako maji yanageuka kabla ya kwingine na kwa nini.

Jumamosi ijayo tumeomba kutumia mashua asubuhi. Mwalimu ametoa miwani ya akiba yote iliyoko stoo, nahodha ametoa mafuta, na watoto wa Utende na Chole watakuja maji yakianza kujaa. Wazazi wao wamealikwa. Bi mkubwa amesema atakuja na dada zake, na atakuja na miwani yake.